Picha Zilizorudi Bila Majina

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Kuingiza picha ni rahisi kwa kampuni zote za kutunza picha mtandaoni. Leo nilitaka kuona kuzitoa. Nikamwambia wakala wa kampuni moja aliyekuja studio yangu ya picha, pale Mwanga, "Nirudishie zile picha nilizowapa za majaribio, kama vile nawahama."

Akashangaa. "Mama, hata hujaanza, unawaza kuhama?"

Picha zilirudi zote, safi, ila majina niliyoyaandika hayakurudi. Kila mtu amekuwa namba. Akasema hilo ni jambo dogo. Bei yao kweli ni nafuu, na kompyuta yangu, yenye picha za wateja wote, siku hizi inazimika ovyo. Nina wasiwasi nayo.

Alipoondoka tu, akaingia mzee kutoka Kalinzi. Amefiwa na mkewe jana, wanataka picha ya kuweka msibani. Nyumbani hawana hata moja, ila mkewe aliwahi kupigwa picha hapa kwangu.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Marehemu anaitwa nani?"

"Anastazia. Mama Yohana."

Nikaandika jina, mkewe akatokea kwenye kioo cha kompyuta, anacheka. Mzee akavua kofia.

Kesho nawapigia wale wa bei ghali, niliowajaribu kabla ya hawa. Wao walinirudishia watu wangu na majina yao.