Leza Itangoja, Sare Haingoji

Alhamisi. Mvua ya jana ilishuka kutoka milimani ikatuachia matope, na leo jua limerudi kwa hasira. Hapa Kasenga, mtaani kwetu Uvira, hata mbuzi wametafuta kivuli. Mimi, fundi cherehani mwenye akili timamu, nimeshinda kutwa nzima ndani ya blauzi ya mikono mirefu.

Nimechoka kuivaa. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani sijalisema.

Nianze na michirizi ninayoificha. Ile ya tumboni niliipata kwa mimba ya Baraka, ikaongezeka kwa wadogo zake. Manesi wetu huiita kwa Kifaransa, verjetiri. Mama yangu hakuwa na jina lake. Kwake lilikuwa tumbo la mtu aliyezaa, basi. Nami niliishi nayo bila ugomvi mpaka simu iliponizoesha kutazama matumbo ya wanawake wasio nayo. Hapo ndipo Mama Bora alipoingia.

Mama Bora ni jirani yangu na mwenzangu wa kwaya. Anauza mafuta ya kujipaka sokoni, yale anayoyachanganya mwenyewe kwenye beseni. Hoja yake ilikuwa hii: mistari myeupe hairudi kuwa myeusi, kwa hiyo ngozi iliyobaki ndiyo iifuate mistari. Ukuta ukibanduka rangi, unapaka ukuta mzima. Nilicheka, kisha nikanunua. Na kwa kuwa tumbo jeupe juu ya miguu myeusi lingekuwa kichekesho, nikajipaka mwili wote.

Ngozi ilitakata kweli. Watu wakanisifu kanisani, mistari ya tumboni ikawa haionekani sana, nikajiona mjanja kuliko mji mzima. Halafu ikaja mingine, mahali ambapo hakuna mimba inayokaa: upande wa ndani wa mikono, toka kwapani hadi karibu na kiwiko. Mipana, rangi ya zambarau, na ngozi juu yake nyembamba kama ganda la kitunguu.

Hapo nikaanza kuota leza. Niliona video ya mwanamke anapitishiwa kimashine cha mwanga tumboni, na mwisho wa video tumbo ni safi. Nikaitazama tena na tena. Sikujiuliza alipitishiwa mara ngapi, wala kama rangi yake inafanana na yangu.

Haraka yangu ina sababu. Sikukuu ya parokia yetu imekaribia, na kwaya imechagua sare ya mikono mifupi kwa ajili ya joto. Anayeshona ni mimi. Na anayeanzisha wimbo wa kuingilia, amesimama mbele, mikono yote miwili juu, mwaka huu ni mimi pia.

Miaka yote nimekuwa safu ya nyuma. Wimbo huu nimeungoja kuliko nilivyoingoja harusi yangu, na mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Basi juzi nilipanda pikipiki hadi Kavimvira, nikachukua jetoni, kibali cha kuvukia mpaka, nikaingia Bujumbura kwa daktari wa ngozi. Nilikuwa nimejipangia kila kitu: ananipiga leza, narudi na mikono misafi, naimba.

Daktari ni mwanamke wa rika langu. Aliitazama mikono yangu, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya leza hata kidogo.

"Mama, unajipakala mafuta gani?"

Nilitoa kopo mkobani. Akaniambia kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi, kwamba mafuta ya kuchubua mara nyingi huwa na dawa kali inayokondesha ngozi, na ngozi iliyokonda huchanika kwa ndani. Michirizi ya mikononi haikutoka kwa Mungu wala kwa uzazi. Niliipaka mwenyewe, asubuhi na jioni.

Nilitamani kulia. Badala yake nikauliza habari za leza, maana ndizo zilizonipeleka.

Alinieleza bila haraka. Leza si moja. Iko inayofuata wekundu wa damu, nayo hufaa zaidi michirizi mipya kama hii ya mikononi. Iko nyingine inayotoboa ngozi kwa vitundu vidogo sana vya joto ili ijijenge upya, nayo ndiyo hutumika kwa ile mizee myeupe ya tumboni. Zote huhitaji kurudiwa, na mapumziko ya wiki kadhaa katikati. Zote hufifisha, hazifuti. Na kwa ngozi nyeusi, mkono usiojua kazi unaweza kukuunguza ukakuachia madoa meusi kuliko michirizi uliyoikimbia, kwa hiyo mtu hujaribiwa kwanza mahali padogo. Mashine yenyewe yeye hana. Wakati ukifika atanielekeza pa kwenda. Lakini kwanza mafuta yaishe mwilini na ngozi ipone, na hiyo ni miezi. Tena nisiyaache kwa siku moja, nitaumia. Akanipangia namna ya kuyapunguza kidogo kidogo.

"Na sikukuu yetu?" nikauliza kama mtoto.

"Leza haijue sikukuu, mama."

Nilirudi Uvira nimenuna, ziwa upande wa kushoto likimeta bila kunijali. Kabla ya kufika Kavimvira nilikuwa nimeamua: nitasema nimepatwa na kikohozi, wimbo apewe mwingine. Jana hata nilijizoeza kukohoa. Mume wangu akaniletea chai ya tangawizi, nikainywa kwa aibu.

Leo mchana akaja Mama Bora kupimwa sare.

Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Tangu Bujumbura nilikuwa natunga maneno ya kumwambia, makali yote. Akaingia na jasho, amevaa sweta. Sweta, kwa jua hili! Nikampima mabega, nikampima kifua. Nilipofika mkononi akauvuta, akachungulia mlangoni, akanong'ona:

"Minye mikono uniongezeye kidogo, ifike kwa kiwiko. Lakini usiambie bengine."

Nikashusha futi. Maneno makali niliyotunga sikuyaona tena. Nikakunja mkono wa blauzi yangu mpaka begani, nikamwonyesha.

Akausogelea, akautazama. Kisha akavua sweta. Michirizi yake ni mingi kuliko yangu, imefika hadi kifuani.

"Weye pia?" akasema.

"Minye pia. Ni mafuta yako, Mama Bora. Daktari ameniambia."

"Nilikuwa najua," akasema. "Beseni yangu, minye njo wa kwanza kujipakala. Sasa nikiacha, nitauzisha nini?"

Nilimweleza yote ya daktari, hasa lile la kutoyaacha ghafla. Tumekubaliana siku yangu ya kurudi Bujumbura tutavuka wawili. Beseni lake ameahidi kuligeuza la kufulia. Nimemwambia nitakuja kulikagua, akanisonya, tukacheka kidogo. Hasira haijaisha yote, ila nimegundua siwezi kumchukia mtu aliyejichoma kwa moto uleule.

Alipoondoka akauliza tena juu ya mikono ya sare. Nikamwambia ataona modeli ikishatundikwa.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Kwetu fundi hushona modeli moja kwanza, huitundika mlangoni mwa karakana, na kwaya ikishaiona hakuna wa kubadili hata kifungo. Na modeli hushonwa kwa kipimo cha anayeanzisha wimbo. Wiki nzima nimekuwa nikiikwepa kazi hiyo, nashona suruali za wanafunzi ambazo hakuna aliyeziharakisha.

Baada ya Mama Bora kutoka nimekitandaza kitambaa mezani. Nimechora mkono mara ya kwanza, chaki ikateleza yenyewe hadi kwenye kiwiko. Nimefuta. Nimechora tena, mfupi, kama tulivyokubaliana wote. Nimeshika mkasi nikaukata kabla ya kuwaza zaidi.

Leza nitaenda, sijabadili nia. Ngozi ikipona, nikimpata mtu anayeijua ngozi kama yangu, nitalala kwenye kitanda chake na kupigwa huo mwanga, na wala sitaona haya kusema nilitaka. Ila wimbo uko karibu kuliko leza, na miezi yote hiyo ya kungoja, mikono yangu ina kazi.

Na kikohozi kimepona. Mume wangu anaisifu tangawizi yake.

Modeli iko mlangoni sasa, upepo wa ziwa unaichezesha, na wapita njia wawili wameshauliza ni ya nani. Nimewaambia.

Kesho jioni tuna mazoezi. Naitungua, naivaa, na nitainua mikono yote miwili.