Ndege Zimepita, Dishi Limefunikwa

Kasulu, sikukuu ya Muungano, 2014. Mvua tangu asubuhi. Moyo wangu mkavu.

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nimevuka vita vya Kagera, na zile ndege za kivita nilizozisukuma mafichoni kwa mabega haya sasa ni vyuma chakavu. Mimi bado nipo. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Anayecheka herufi zangu na acheke.

Leo nusura ninyang'anywe mdomo.

Tulikusanyika dukani kwa Salumu, ambaye ana televisheni na dishi, tuone ndege za jeshi zikipita juu ya uwanja huko Dar es Salaam. Nikawaambia, ndege ya kivita unaiona kwanza, mlio unakuja nyuma yake kama mbwa anayemfuata bwana wake. Nyandwi seremala, aliyeletwa toka Burundi akiwa mgongoni na leo ni raia kunishinda mimi, akasema hata pikipiki mtu huisikia kabla hajaiona, sembuse ndege. Tukapatana mbele ya watu: nikishindwa, sisimulii tena vita pale barazani. Mpaka kaburini.

Mzee kama mimi asiposimulia, anabaki na nini?

Mvua ikazidi, picha ikaanza kukatakata. Nikatoa amri. Chombo cha thamani hufunikwa! Vitani tulifunika ndege kwa majani, adui asizione, na hata moja haikuguswa. Basi wakakata majani ya migomba, tukalivika dishi lote.

Picha ikafa kabisa.

"Mzee, umelificha dishi adui asilione," Nyandwi akasema. "Sasa satelaiti nayo hailioni."

Wakacheka mpaka Salumu akamwaga kahawa. Mimi sikuondoa jani hata moja. Niliwaambia kosa si la majani. Ndege ni zetu, marubani ni watoto wetu, lakini picha yao inapanda kwanza kwenye satelaiti ya wageni ndipo itushukie Kasulu. Na ndege ikiharibika, spea bado tunaingoja kutoka ng'ambo, kama tulivyongoja sisi vitani. Siku nchi ikiwa na jicho lake huko juu na spea zake hapahapa, njooni mnicheke. Na itakuwa nalo. Tulikotoka ni mbali zaidi.

Salumu akawasha redio ya betri. Tukatega masikio.

Mtangazaji akapaza sauti: "Hizo zimepita! Zimeshapita juu yetu!"

Kimya kidogo. Halafu ndipo mngurumo ukaja, redio ikatetemeka juu ya gunia la maharage.

Hakuna aliyecheka. Nyandwi akanisogezea kiti chake mwenyewe. "Haya mzee. Anzia pale mlipokuwa mnazisukuma."

Nikaanza, na mvua ikakatika kabla yangu.

Usiyeamini, nenda kwa Salumu. Au bora umuulize Nyandwi, maana hakuna shahidi kama yule aliyetaka ushindwe. Na majani yangu bado yako juu ya dishi.