Shangazi na kipaza sauti

Shoga uko wapi, shika simu! Nimejifungia chooni hapa ukumbini ufukweni na sitoki.

Ule mkutano wa kujadili mwendo wa boti ziwani. Shangazi kawaliza watu! Eti boti zinakimbia mno, mawimbi yatazamisha watoto, na yeye akisikia injini tu moyo unataka kuchomoka. Nikasimama kumuunga mkono, nikatoa na machozi. MACHOZI!

Mwenye boti za kukodisha akamwambia, "Mama, twende nikuzungushe mara moja, uone kama mwendo huu unaua." Shangazi akaenda anajikokota, kashika kifua utadhani anapelekwa hospitali.

Kumbe kile kipaza sauti kidogo alichobandikwa wakati anahutubia bado kimebanwa kwenye kola yake. Na kinawaka.

Mwanzoni tunasikia injini tu. Mara spika zote za ukumbini zikapasuka kwa sauti ya Shangazi: "Ongeza, mwanangu! Ongeza! Huu mwendo wa kobe!"

ONGEZA, shoga. Shangazi huyuhuyu ninayemshika mkono kushuka ngazi.

"Mpite yule! Mpite, anajiona nani?" Halafu vigelegele. Ukumbi mzima ukanigeukia mimi wa machozi.

Karudi kalowa chapachapa, kilemba kimebaki ziwani, na hajui kama tumesikia. Kasimama mbele, kashika kifua, sauti inatetemeka: "Ndugu zangu, nilivyoteseka huko anajua Mungu. Mwendo upunguzwe."

Nikakimbilia huku. Na sasa hivi namsikia kwenye spika ananiita kwa jina, nije niwaeleze hali ya moyo wake.