Uzi Mwekundu kwenye Mkanda wa Bega

Athmani, mpwa wangu,

Mola akurehemu. Nimeanza na dua kwa sababu ni haki yako juu yangu, na kwa sababu yatakayofuata hayatakuwa mazuri. Nimekukasirikia. Nilingoja hasira ipoe ndipo niandike, nayo haikupoa, basi naandika nayo.

Mto umepanda na kushuka tangu tukuzike. Uwanda ule wa upande wa Tarasaa, mlipokuwa mkishindania magari yenu ya kiti kimoja, ulijaa maji, ukawa tope jeusi, na sasa umekauka tena na kupasuka. Wenzako wameanza kuchora njia kwa chokaa. Gari lako liko nyuma ya karakana yako hapa Garsen, limefunikwa turubai. Kuku wa jirani wanatagia ndani yake. Mkanda ninao mimi. Kwa miezi mingi ulining'inia kwenye boriti ya sebule yangu, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka siku tuliyouchagua? Ulitaka kuweka mkanda wa gari la kawaida, ule unaopita bega moja, kwa kuwa ulikuwa umeung'oa kwenye gari bovu. Nikakuketisha ndani ya gari lako, nikachukua rula yangu ya darasani, nikakupima. Gari lilikuwa jembamba kuliko mtumbwi wa kule Chara. Ulilichomelea kwa kipimo cha mwili wako, ukasahau kwamba mwili hupumua. Viwiko havikuwa na pa kwenda. Nikakwambia kwamba mtu aliyeketi hivyo, nusu amelala, miguu imenyooka mbele, anahitaji mkanda wa ncha sita: mabega, nyonga, na ile miwili ya mapajani inayomzuia asiteleze chini gari linapogonga. Nikataka tuagize ule ambao sehemu ya nyonga hukazwa kwa kuvutwa juu, maana kando yako hapakuwa na nafasi hata ya ngumi. Ulicheka. Ukaniuliza ni lini mwalimu mstaafu wa Kiswahili alianza kuendesha magari ya mashindano. Sikuwahi. Nilisoma maelezo, mwanzo hadi mwisho, kisha nikayasoma tena. Hilo ndilo nijualo kufanya.

Mkanda ulipofika, sehemu za mabega zilikushinda. Huvutwa kwenda chini, na mikono yako ilikuwa imebanwa na mabomba ya kiunzi cha gari. Ilihitaji mtu ainame juu yako kutoka nje, akuvutie. Ukasema mbele ya mama yako, "Mjomba ndiye atakayenifunga. Mwingine simtaki." Niliona fahari, Athmani. Sikuionyesha, lakini niliiona. Kwa miaka mitatu sikukosa hata siku moja.

Nilikufunga kwa utaratibu uleule kila mara. Nyonga kwanza, chini kwenye mfupa, si tumboni. Kisha mapaja. Mabega mwisho, baada ya kupapasa urefu wote wa mkanda nione kama umejisokota. Nilikuwa nimezungusha uzi mwekundu kwenye kila mkanda wa bega, bila kuutoboa kwa sindano: uzi ukitokeza chini ya kikazio, kile chuma chenye ulimi kinachoushika mkanda, basi umekazwa sawasawa. Nawe ulilalamika daima. "Mjomba, unanifunga kama mbuzi wa Idd." Nami nilijibu kwamba mbuzi wa Idd hakimbii kwenye tope lililopasuka. Ukanigonga mkono mara mbili, ishara kwamba tumemaliza, nikaenda kusimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Nilikuwa nakuamini hata nikikupa mgongo.

Siku ile nyuzi zote mbili zilitokeza. Niko tayari kuapa.

Gari liliviringika mara moja tu kwenye kona ya pili. Mara moja. Mabomba uliyoyachomelea hayakupinda. Tulipokufikia, shingo ilikuwa imekwisha kuvunjika, na mimi, Mola anisamehe, kitu cha kwanza nilichokitazama ni uzi. Haukuwa chini ya kikazio. Ulikuwa umerudi juu, upana wa kiganja kizima, kulia na kushoto. Nilidhani mkono wangu ulikosea.

Mazishini mama yako alinishika kanzu. Aliniuliza swali moja: "Kaka, ulimfunga vizuri?" Nikamjibu kwamba nilikufunga. Akageuza uso. Tangu siku hiyo dada yangu hakuwa akinisemesha. Idd ilipita bila sahani yake ya mkate wa sinia, ambayo haikuwahi kukosa mlangoni pangu tangu mke wangu alipofariki. Wajukuu zangu waliuliza. Nikawaambia bibi yao, mama yako, anaumwa.

Basi nikautundika ule mkanda kwenye boriti. Nilifunga gunia la mahindi, nikakaza kikazio kwa mkono huuhuu, nikatia alama kwa chaki, nikaliacha gunia lining'inie. Asubuhi nilikuta alama palepale. Nikaongeza gunia la pili. Nikamwagia maji, nikapaka tope. Haukuteleza hata upana wa ukucha. Jirani mmoja alidhani nimerukwa na akili, akaja kunisomea dua. Nilimwacha asome, kisha nikamwomba anisaidie kuinua gunia.

Kama mkanda hauna kosa, na mkono wangu hauna kosa, ni nani basi? Sikukufikiria wewe. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Mwezi uliopita Hiribae, mwenzako wa karakana, alikuja na simu yake. Alisema ana picha zako nyingi, huenda ningependa kuziona. Katika video moja ya siku ile naonekana mimi, nimeinama juu yako. Unanigonga mkono mara mbili. Ninaondoka. Sijapiga hata hatua kumi, kidole gumba chako kinapanda, kinainua ulimi wa kikazio cha kulia, kisha cha kushoto. Mabega yako yanashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Nyuma yako wenzako wanacheka.

Nilimwomba Hiribae airudie. Akairudia. Kisha akasema, kwa upole, "Mwalimu, hiyo alikuwa anafanya kila mara. Ukienda tu, anainua. Alisema asipolegeza hapumui. Sisi tulikuwa tunakucheka kidogo tu."

Kila mara. Miaka mitatu. Wote walijua, isipokuwa mzee aliyekuwa nyuma ya kamba akitembea kwa majivuno.

Ungeniambia unabanwa. Neno moja. Ningekupima upya, tungekata bomba moja, tungelipanua gari kwa upana wa vidole vitatu. Kazi ya asubuhi moja kwa fundi kama wewe. Badala yake ulinigonga mkono mara mbili, ukaniruhusu niende zangu nikidhani nimekulinda.

Nikaenda kwa mama yako nikiwa na simu ya Hiribae mfukoni. Nilitaka aone. Sitaficha: nilitaka jina langu lirudi, hata kama litarudi kwa kulichafua lako. Alikuwa uani akipepeta mchele. Nikamwambia kuna jambo nataka alione. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kama ni la kulegeza, nalijua," alisema. "Aliniambia mwenyewe, akaniapisha nisikwambie."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniuliza swali lile mazishini. Akapepeta kidogo, akapuliza makapi.

"Nilitaka useme hukumfunga vizuri. Ningepata mtu aliye hai wa kumkasirikia."

Simu sikuitoa. Alinisukumia kigoda, akasema chakula ki karibu. Sikuweza kukaa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima.

Sasa uyasikie ninayokuahidi. Mkanda wako nitaukata vipande kwa mkasi, kwa maana mkanda uliokwisha kuvutwa na ajali haumfungi mtu tena. Hiribae anataka kuliendesha gari lako msimu huu, na ameniomba nimfunge. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikubali, kwa sharti kwamba kwanza akate bomba na kulipanua gari, kisha akae ndani avute pumzi mbele yangu, nami nimpime, ndipo tuagize mkanda mpya. Sitakwenda tena nyuma ya kamba. Nitasimama pale pale, kiganja changu kifuani pake, mpaka bendera iinuliwe. Na Ijumaa nitakwenda kula kwa mama yako. Hajaniomba radhi, wala sidhani kwamba ataniomba.

Wewe sijakusamehe. Nitajaribu.

Kaburini nilishuka mimi. Mafundo ya sanda, la kichwani, la kiunoni na la miguuni, niliyafungua kwa mikono hii, kama ipasavyo. Hapo ndipo mtu hulegezwa, Athmani. Hukungoja.

Kwaheri, mwanangu. Mola akupanulie hapo ulipo.

Mjomba wako