Mtaro Wako Umebomoka

Mutinda, mjukuu wangu, mume wangu mdogo, wewe uliyerithi jina la babu yako,

Hapa Mitaboni tuko salama. Mvua imenyesha, mbaazi zimechanua, na mguu wa mama yako umepona.

Umeniuliza kama tuuze kipande chako cha shamba, kwa sababu huko Ulaya unaishi katika nchi iliyotajwa kuwa bora kuliko zote duniani. Imetajwa na nani? Mimi sikuulizwa.

Nilipokuwa msichana, kilima chetu kilimomonyoka hadi kikabaki chekundu kama kidonda. Afisa wa kilimo akaja, akatia udongo kwenye chupa, akautikisa. Akamwambia mama yangu, "Hapa pamekwisha. Hameni, kuna kwingine kuzuri."

Mama alikuwa na wenzake wa mwethya, wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Akamjibu, "Umepima udongo. Sisi hujatupima." Kisha akainama, akaendelea kuchimba mtaro, akitupia udongo upande wa juu, na sisi nyuma yake tukiimba kwa hasira. Maembe uliyokula utotoni yalitoka kwenye mitaro hiyo.

Huko kwako kuzuri, sikatai. Lakini hata huko kuna nyanya wa watu walioinama kwanza. Basi usiniletee orodha ya nchi bora.

Shamba siuzi. Mvua imebomoa mtaro kwenye kipande chako. Wanawake wa mwethya walitaka kuurekebisha, nikawakataza. Jembe lako liko nyuma ya mlango.

Ni mimi Susu, nyanya yako, mke wako asiyehama.