Bastola Uliyoifungua Mwenyewe

Baba Nasra,

Hali siwezi kukuuliza, kwa hiyo naanza tu. Nimekaa kwenye kile kibanda cha vipuri vya simu hapa Dengfeng, Guangzhou, upande ule ule tuliokuwa tukikaa wawili. Mwenye kibanda, laobani wetu mnene, kaniletea stuli bila kuniuliza kitu. Anajua umekufa. Hajui kwamba kwetu Mbagala watu wanasema ulijiua.

Mimi ndiye ninayesema hukujiua, na niko peke yangu. Naandika hapa wazi, asome anayetaka, maana kwa mdomo nimesema mpaka sauti imekauka.

Unakumbuka tulivyoanza maisha Guangzhou, kile chumba cha Sanyuanli ambacho dirisha lake lilitazama ukuta? Tulinunua simu na redio za bei chee, zile wenzetu walizozipita. Ukazifungua mezani, ukabadilisha betri, ukakaza skrubu, zikafika Kariakoo zinang'aa. Na kabla hujanunua kitu chochote, ulikinyanyua mpaka sikioni ukakitikisa. Kikilia chakachaka, unarudisha. Kikinyamaza, unachukua. Hapa Dengfeng wote tunafanya hivyo, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, lakini wewe ulizidi. Ulitikisa pasi, ulitikisa feni, ulitikisa hata chupa ya dawa ya kikohozi ya Nasra.

"We mwanaume, iko siku utanitikisa na mimi," nilikwambia.

"Wewe nilishakusikiliza zamani. Uko sawa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Leo sitaki hata kukikumbuka kile kicheko, ila kinakuja chenyewe.

Ukarudi nyumbani kusimamia duka letu la Kariakoo, mimi nikabaki huku kununua. Wezi wakavunja, wakamuumiza mlinzi wetu. Ukafuata taratibu zote, ukapewa leseni, ukanunua bastola. Na wewe ni wewe, ukachukua ile ya bei ya chini kabisa. Haikupita wiki ukaanza kunilalamikia kwenye simu: triga nzito, mtu anavuta mpaka mkono unatetemeka, shabaha inakwenda kombo. Nikakuuliza umeipeleka wapi. Ukasema umempelekea fundi wa silaha, yule mwenye kibali cha serikali, naye kasema inarekebishika vizuri tu, ataibadilishia springi na kuijaribu mwenyewe kabla ya kukurudishia.

"Sasa tatizo nini?"

"Anataka nimwachie siku kadhaa. Kitu cha nusu saa!"

"Mwachie."

"Mama Nasra, hii ni chuma na springi tu. Simu ina vitu vingi kuliko hii, na nimefungua simu ngapi mimi?"

"Simu ukiikosea inazima. Hiyo ukiikosea inawaka."

Ukacheka. Ukaniambia nimekuwa mwoga kama mama yako. Siku zile zile ukaanza kuangalia video za watu wanaofungua bastola jikoni kwao, na kila tukiongea unanihadithia umejifunza nini, kwa furaha, kama ulivyokuwa ukinihadithia habari za betri. Nilijua kwamba umeshaamua. Nilijua, na maneno yangu yote hayakukuingia.

Ubishi wako, Baba Nasra! Nakulilia na papo hapo natamani nikukamate shati nikutikise.

Ile siku ulipiga simu nikiwa soko la Shahe, nachagua nguo za watoto katikati ya makelele, mikokoteni inanigonga visigino. "Triga sasa laini kama siagi," ulisema. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeshinda. Halafu ukasema, "Lakini kuna kitu kinacheza ndani. Ngoja nikitafute, nikikipata nakupigia."

"Mpelekee fundi," nikasema. "Leo. Nakuomba."

"Haya, haya," ukajibu, ile haya yako ya kunyamazisha mtu, ukakata.

Walikukuta mezani. Bisibisi zako zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa kama unavyopanga siku zote, magazini ya risasi iko pembeni umeshaichomoa. Ndani ya chemba risasi moja ilikuwa imebaki, wewe unaamini hamna kitu. Jeraha lilikuwa sikioni. Watu waliangalia lile sikio wakamaliza habari. Nilipotua Dar ulikuwa umeshazikwa, na msibani wanawake wananyamaza kila nikiingia. Mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa, "Dada, mtu anaweka bastola sikioni afanye nini kingine?"

Asikilize! Nilipiga kelele mle ndani. Alikuwa anasikiliza! Aliitikisa kama anavyotikisa kila kitu, na ile triga aliyoilainisha kwa mkono wake haikuvumilia kutikiswa! Wakanishika, wakanipa maji. Mama yako aligeukia ukutani. Kwake mwanawe kafa kifo cha aibu na mkwewe kachanganyikiwa, na simu uliyonipigia niliisikia mimi tu.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa ajili ya Nasra. Kuna mtoto mwenzake shuleni alimwambia ulijiua, akaja kuniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwani baba alituchoka?" Nikamweleza yote, nikachukua simu nikaitikisa sikioni nimwonyeshe. Akaniangalia vile wanavyoniangalia watu wazima. Tangu hapo hajauliza tena.

Nikamwendea yule fundi wako. Aliinama kwanza, hakunilaumu wala hakukulaumu. Akasema, "Niletee hiyo bastola niifungue. Kama triga iliharibiwa nitaona, na nitaandika nilichoona." Nikakimbilia polisi. Mpelelezi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema faili limefungwa, silaha imechukuliwa, na za namna hiyo huwa zinateketezwa. Nikamwambia, basi ipelekwe kwa fundi kabla haijateketezwa, ikae kwake nusu saa tu. Akasema, "Mama, pole. Nenda kapumzike."

Ndipo nilipofika mimi. Nazunguka naomba bastola ile ile ipelekwe kwa fundi yule yule, na hakuna anayekubali. Hapa wauzaji wakikosa kitu wanasema mei banfa, hakuna la kufanya. Tulikuwa tunaliiga neno hilo chumbani, gesi imeisha, mei banfa, mvua imetunyeshea mzigo, mei banfa. Sasa silitamki.

Nimerudi Guangzhou kwa sababu Nasra lazima ale. Nanunua, nafunga, natuma. Watu wanasimama mbele yangu wananyanyua simu mpaka sikioni, wanatikisa, na mimi nageuza uso. Hakuna hata siku moja ninayoamka na hamu nayo.

Jana nilipiga simu ya video nyumbani. Nasra alikuwa amekaa mkekani na bibi yake, ameshika rimoti ya televisheni iliyogoma. Alibonyeza, alibonyeza tena. Halafu, Baba Nasra, akaipeleka sikioni, akainamisha kichwa upande ule ule wako, akaitikisa.

"Mama!" nilimwita mama yako. "Mwangalie! Mwangalie mtoto, umeona? Ndivyo alivyofanya! Umeona?"

Mama yako aliona. Niliona kwamba ameona. Akampokonya ile rimoti, akamchapa kidole, akasema, "Nisikuone tena ukiweka kitu sikioni." Nasra akaikunja mikono yake mapajani. Na simu ikakatwa.

Lala, mume wangu. Mimi najua ulikuwa unasikiliza nini.

Mkeo,
Mama Nasra