Maji ya Mlimani

Kimandolu, Arusha

Marahaba, mjukuu wangu Ndeshi. Sisi wazima, mama yako anavuna parachichi, na mlima Meru leo uko wazi mpaka kileleni.

Umeniuliza kama nami, nilipokuwa nasoma kemia Ulaya, niliogopa kusema darasani. Niliogopa sana. Unayajua meno yangu ya kahawia, kama ya wote tuliokulia maji ya mlima huu. Kule nilicheka nimeziba mdomo, na swali sikujibu hata nilipojua jibu lake.

Siku moja mwalimu akafundisha kuhusu floraidi. Akasema ikizidi kwenye maji hubadili rangi ya meno, ila picha hana. Nikasimama, nikafungua mdomo.

Darasa zima likanizunguka. Mwalimu akavaa miwani, akauliza, “Mlichota maji mto gani?” Nikajibu hilo na mengine yote. Kipindi kikaisha, hakuna aliyetoka.

Nilipokuja likizo, nikajaza maji ya mtoni chupa sita za kurudi nazo maabara. Mama yangu akashangaa: “Kwani Ulaya hakuna maji?”

Nilicheka, Ndeshi, na mdomo sikuziba.

Bibi yako